Siku Niliyojifanya Mzaramo Mwanza

Haya chekeni, najua mtacheka, na wala hamtakuwa wa kwanza, maana walionitangulia kucheka walikuwa zaidi ya mia mbili na walikuwa msibani. Mimi Eliya, mtu mzima mwenye akili zangu timamu, niliwahi kulala chali ndani ya kaburi la mtu nisiyemfahamu, saa tisa mchana, nimevaa koti lake, uso umejaa majivu, na sikuwa nimelewa. Heri ningekuwa nimelewa, ningepata pa kusingizia.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine na sisi wafanyakazi tunapewa bahasha na barua ya shukrani, basi wenzangu bahasha zao walipeleka shambani, wengine wakafungua genge, mimi yangu niliipeleka bandarini nikajinunulia gari dogo la mtumba kutoka Dubai, jeupe, lina kaseti na kiyoyozi (kiyoyozi kilikufa Chalinze), nikasema sasa mimi ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara haendi kujitambulisha ukweni kwa treni. Mchumba wangu Minza alikuwa nesi Temeke, Msukuma wa kando ya ziwa, kwao ni kijiji kimoja ukishapita Igombe. Yeye alitangulia wiki moja kabla ili awaandae wazazi.

Siku anaondoka alinishika kola ya shati pale stesheni. Dada yake mkubwa, akaniambia, aliolewa na mtu aliyejiita injinia wa meli, kumbe kazi yake ni kupakia ndizi kwenye hiyo meli, na tangu hapo baba yao, Mzee Luhende, hataki kusikia mkwe mwenye maneno. "Baba hana shida na Mpare," akasema, "hana shida na mtu aliyepunguzwa kazi. Ila akikukamata na uongo mmoja, Eliya, mmoja tu, mimi siolewi na wewe, na sitamlaumu."

"Mimi na uongo wapi na wapi?" nikamjibu, na huo ukawa wa kwanza.

Mshenga wangu alikuwa Mjomba Zakaria, mkaguzi wa shule mstaafu na mzee wa kanisa, mtu ambaye kule kwetu Same akisema kitu hakuna anayeomba shahidi. Ndiyo maana nilimchagua. Lakini jamani, kusafiri na mtu mkweli siku tatu kwenye vumbi ni adhabu ambayo sikuiona imeandikwa popote. Kabla ya kufika Singida askari wa barabarani alitusimamisha, akaniuliza kwa upole tu kama gari lina tatizo lolote, na kabla sijafungua mdomo Mjomba akainama dirishani akasema, "Breki ya mkono haishiki." Hakuulizwa yeye! Tukakaa pale saa mbili. Nilipolalamika akaniambia, "Aliuliza."

Tukaingia Buhongwa, mlangoni mwa Mwanza, Ijumaa asubuhi, wekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi. Ukweni tulikuwa tunategemewa Jumamosi. Mjomba akasema twende moja kwa moja, mgeni akiwahi hafukuzwi. Mimi nikasema hapana, tumeambiwa Jumamosi, leo tuoge, tutembee, tuuone mji, kwani lini tena tutafika Mwanza? (Ningemsikiliza. Hii sentensi nimeshaisema mara nyingi mpaka imechakaa, ningemsikiliza.)

Basi tukaenda kutembea. Tukaenda kuliona jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini juu ya mawe wenzake, nami nikampa mpigapicha wa pale nafasi atupige, nimeweka mkono kiunoni. Mjomba akalitazama jiwe kwa muda, akauliza, "Linafanya kazi gani?"

"Halifanyi kazi, Mjomba. Linatazamwa."

"Tumeshalitazama," akasema, akarudi kwenye gari.

Tukapanda Capri Point tuone nyumba zilivyokaa juu ya mawe, mimi nasema tazama uzuri wa ziwa, yeye anauliza wale wa juu kabisa wakifiwa jeneza linashushwaje. Nikamwambia twende kisiwani Saanane kuna wanyama, akasema nyani anawaona Same wanakula mahindi yake bure, hawezi kupanda mtumbwi kuwafuata wengine. Nilikuwa nimechoka naye mpaka masikio yananiwasha. Saa tano hivi nikakata tamaa ya kuona mji, nikasema haya, angalau tukanunue samaki wa kupeleka ukweni, maana ukweni huendi mikono mitupu, tukateremka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya ziwa.

Hapo ndipo yalipoanza. Kulikuwa na mama mmoja mnene mchangamfu, Mama Kulwa wanamwita, kapanga sato wakubwa, wazuri, bado wanang'aa. Akanitajia bei. Mimi ni Mpare, sitaki kujitetea, bei ilinichoma kifuani. Nikakumbuka kitu. Nimekulia Temeke katikati ya Wazaramo, na nimeona jinsi Mzaramo akikutana na Msukuma wanavyotukanana kwa furaha, wanavyonyang'anyana kofia na chakula na hakuna anayekasirika, kwa sababu hao ni watani tangu enzi za mababu. Nikasema moyoni, kwani kabila langu limeandikwa usoni?

"Aka!" nikasema kwa sauti. "Yaani mimi Mzaramo nimetoka Kisarawe, mtani wako wa damu, unaniuzia samaki kama mzungu? Wala michembe nyie, viazi vya kukausha, mmeanza lini kujua bei?"

Mama Kulwa akasimama. Akaweka mikono kichwani. "Mzalamo?" akasema. "Wewe ni Mzalamo kweli?"

"Wa Kisarawe kabisa."

"Jamani njooni! Njooni mwone Mzalamo!" Wakaja akina mama kama sita, mmoja akanivua kofia, mwingine akanipaka magamba ya samaki shavuni, wananiita mvivu niliyezoea kungoja nazi idondoke, nami nawajibu, mwaloni kote watu wanacheka, na Mama Kulwa akanifungia sato wawili, wakubwa kuliko wote, akakataa hata senti. Nilijiona nina akili sana. Nilikuwa nageuka niende nikamwonyeshe Mjomba jinsi mji unavyotembelewa, mama yule akanishika mkono, na safari hii hakuwa anacheka.

"Sasa tupeleke," akasema. "Tuna msiba tangu juzi. Baba yetu mkubwa. Tunazika leo saa tisa na hatujapata mtani hata mmoja wa kumwigiza na kutuchekesha, nimekuja kuuza hawa wa mwisho niludi. Mungu amekuleta."

Mimi na mdomo wangu nikasema samahani sana, ningekuja, ila nina mjomba wangu kwenye gari ni mgonjwa mahututi.

"Mimi siumwi," Mjomba akasema kutoka dirishani.

Basi. Umeshakula samaki wa mtani, unakataaje msiba wa mtani? Tukapakiana, Mama Kulwa na wenzake wawili nyuma, beseni magotini, nikauliza wapi, wakasema mbele ya Igombe kidogo. Nikajifariji kwamba angalau ni njia ya kesho, nitaijua barabara. Jina la marehemu sikuuliza. Tulikuwa tumeshaacha lami ndipo Mama Kulwa akaanza kulalamika na wenzake: msiba umekuja vibaya, kesho kuna mgeni, mchumba wa mdogo wao Minza, Mpare wa Dar es Salaam, na baba yake Minza ndiye mdogo wa marehemu, sasa huyo Mpare atapokelewaje na watu wamelala nje?

Niliingia kwenye shimo la barabara ambalo lilikuwa wazi mbele yangu.

Mjomba akaninong'oneza kwa Kipare, "Waambie."

"Nitawaambia."

"Sasa hivi."

"Tukifika, Mjomba."

Mnaona? Hapo bado ningeweza kusimamisha gari, nikacheka, nikasema dada zangu, mimi ndiye huyo Mpare, nilikuwa nafuata bei tu. Wangenizomea hadi Igombe, na mambo yangeishia hapo. Lakini nilimwona Minza pale stesheni ameshika kola yangu, nikaona mbele ya Mzee Luhende kitu cha kwanza kutajwa ni uongo wangu, nikatengeneza mpango ambao hata leo nikiukumbuka natamani kujipiga kofi: nitaingia msibani kama Mzaramo, nitafanya vituko haraka, nitaponyoka, kesho nitarudi nimevaa suti na tai, mtu mwingine kabisa.

Tukafika. Watu wamejaa uwanja mzima, akina mama ndani wanalia, wanaume nje kimya, na Mama Kulwa kabla hata mlango wa gari haujafunguka vizuri ameshapiga ukelele kwamba mtani amepatikana. Nikaomba majivu. Wenyewe wakafurahi, wakasema huyu anaijua kazi, kumbe nataka kuficha sura. Nikajipaka mpaka kope. Wakaniletea koti la marehemu, kofia yake ya pama, mkongojo wake na kopo lake la ugoro, na Mama Kulwa akanifundisha upesi: Mzee Shija alikuwa anatembea kaegemea kushoto, na kila akitaka kumnyima mtu kitu alikuwa anakohoa mara tatu kwanza.

Nikaegemea kushoto. Nikapita mbele ya wanaume, kijana mmoja akaniomba kiti, nikakohoa mara tatu.

Jamani, uwanja ulipasuka. Watu waliokuwa wanalia walicheka huku machozi yanatoka, mjane mwenyewe alitokeza mlangoni, mama mzee amefungwa kanga kichwani, akasema, "Ni yeye kabisa," akacheka, akalia, akacheka tena. Na mimi nikanogewa. Kicheko cha watu ni kilevi kibaya kuliko gongo. Niliwaonea huruma kweli wale watu, na nilitaka kuwachekesha, na nilisahau kwamba nilipanga kuponyoka.

Jeneza lilipofika kaburini nikafanya nilivyowahi kuona Wazaramo wa Temeke wakifanya, nikaruka ndani, nikalala chali, nikasema hapa ni kwangu, sitoki. Katekista ameshika kitabu chake, anatazama saa. Pembeni ya kaburi amesimama mzee mmoja mrefu wa koti jeusi, hacheki, na Mama Kulwa ananikonyeza nimtanie huyo, eti mdogo wa marehemu.

"Wewe mzee mrefu!" nikapaza sauti kutoka chini. "Mbona umesimama kama umekuja kukagua? Kaka yako amekufa au ulikuwa umemchoka? Sitoki humu mpaka unipe ng'ombe na binti wa kunipikia!"

Watu wakacheka. Neno "kaka yako" lilikuwa limeshatoka mdomoni ndipo nikalisikia mwenyewe, na nikajua ninayemwambia ni nani. Mzee, kwa kuwa mila ni mila na mtani lazima ajibiwe, akajibu taratibu, "Binti ameshaposwa. Kesho anakuja Mpare."

Sasa hapo mtani hawezi kunyamaza, akinyamaza watu wanamshtukia. "Mpare!" nikasema. "Mtampa binti Mpare? Huyo atampimia chumvi kwa kijiko cha chai na kijiko atakifungia kabatini! Mpare akikupa mkono, hesabu vidole!"

Kicheko kikaenda hadi ziwani. Na katika kujigaragaza kwangu lile kopo la ugoro likafunguka mfukoni, likanimwagikia usoni. Mimi nikipiga chafya sipigi moja. Napiga tano, na ya tano inatoka na mlio wa jogoo anayejifunza kuwika, na Minza amezoea kunihesabia, tumeshacheka naye sana kwa hilo. Nikapiga ya kwanza. Ya pili. Nikaziba pua kwa mikono miwili, ikatokea masikioni. Ya tatu, ya nne. Ya tano ilipowika nikasikia juu yangu sauti ya mtu aliyekuwa anacheka na wenzake ikikatika.

"Eliya?"

Nikatazama juu. Minza amesimama ukingoni, amemshika mjane bega. Nilijaribu kukohoa mara tatu.

"Unamfahamu huyu Mzaramo?" Mzee Luhende akamuuliza.

Minza hakumgeukia. Alikuwa ananitazama tu, na afadhali angenitukana. Ndipo Mjomba Zakaria akasogea na suti yake ya kijivu, akavua kofia, akasema kwa ile sauti ya ukaguzi ambayo hata mtu wa nyuma kabisa anaisikia, "Mzee, poleni sana na msiba. Yule Mpare wa kesho ndiye huyu."

Mnajua walichofanya? Walicheka! Uwanja mzima ukacheka, wanasema mtani kaja na msaidizi wake, na huyu mzee ndiye kiboko. Mzee Luhende peke yake hakucheka. Alimtazama Mjomba, akanitazama mimi, akamtazama binti yake, akajua.

"Toka humo," akasema. "Tuzike kwanza."

Baada ya maziko nilitaka kumwita pembeni nimweleze. Mama Kulwa akanizuia, akasema mtani akishaingia kaburini haondoki mpaka matanga yaishe, akiondoka analeta nuksi, na kazi zake ndizo hizi: kuni, maji, kuchekesha mjane. Nikamwambia Mama Kulwa, mimi kwa kweli ni Mpare. Akajishika mbavu. Nikamwambia, sikiliza, nimekosea, nilidanganya kwa ajili ya samaki. Akawaita wenzake waje wasikie. Siku nne! Siku nne nilipasua kuni na kuchota maji ziwani, nikimwagiwa uji mgongoni, na kila neno la kweli nililosema lilikuwa kituko kipya. Mpare wa Jumamosi hakuonekana, wakasema amesikia kuna msiba kaogopa kuchanga, na Mzee na Minza hawakuwasahihisha. Niliposema naumwa kichwa, walicheka. Niliposema nataka kuongea na Mzee kwa heshima, waliniletea kinu nikalie. Minza alikuwa anapita na sinia la chakula bila kugeuza shingo. Na Mjomba? Mjomba walimpa kiti na chai ya maziwa, kwa kuwa yeye, walisema, hata akitania hacheki, ana kipaji.

Siku ya kuanua matanga watu wote wamekaa, nikaona liwalo na liwe. Nikanawa uso. Nikatembea mpaka mbele ya Mzee Luhende, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema, "Baba, nimekudanganya, nimewadanganya wote, na nimekutukana mbele ya kaburi la kaka yako. Nampenda Minza. Naomba unisamehe."

Nililia kabisa. Machozi ya kweli, si ya ugoro.

Halafu mjane, yule mama mzee ambaye siku nne nzima nilikuwa namchekesha, akapiga makofi, akasema, "Mwoneni anavyomwigiza mkwe!" Basi, yalikuwa vigelegele, makofi, mtu akanivika ungo kichwani. Mimi katikati nasema ni kweli, jamani, ni kweli, na kila nikisema ndivyo wanavyozidi. Nikamtafuta Minza kwa macho. Alikuwa amesimama na akina mama, kanga mdomoni, mabega yanatikisika, na nilifikiri analia.

Jioni hiyo Mzee aliniita. Hakunifokea. Alisema yeye hana la kuamua, binti ni mtu mzima mwenye kazi yake, nimuulize mwenyewe.

Nikamkuta Minza karibu na gari, anafuta vumbi kwenye kioo kwa kiganja, bila sababu yoyote.

"Pale ulipopiga magoti," akasema, "ulikuwa unasema kweli?"

"Kweli tupu, Minza. Sijawahi kusema kweli namna ile."

"Nami nilicheka." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu kaburini. "Nilijua wewe si Mzaramo, najua kila kitu, na bado nilicheka na watu wote. Sasa nitakaaje na mtu ambaye akilia mbele yangu nacheka?"

Nilitafuta jibu. Mimi, mtu wa maneno, niliyewajibu akina mama sita mwaloni bila kumeza mate, nilitafuta jibu mpaka akaingia ndani.

Tulirudi Dar es Salaam siku tatu nyingine. Mjomba hakusema neno mpaka Dodoma, na alichosema Dodoma ni kwamba breki ya mkono sasa imekatika kabisa. Minza aliolewa mwaka uliofuata na mwalimu mmoja wa Sengerema, mtu, nasikia, asiyetania hata kidogo. Nilifurahi kwa ajili yake. Huo tena ni uongo, lakini niachieni.

Siku hizi nikifika sokoni, popote, muuzaji akitaja bei nalipa. Siulizi kabila lake wala sitaji langu. Wapare wenzangu wananiona nimerogwa, mke wangu anasema namfilisi, na nikiwaeleza sababu yenyewe, hivi hivi nilivyowaeleza ninyi, wanacheka na hakuna hata mmoja anayeniamini.